Damu Yako Inakwenda Wapi Baada ya Kupimwa?

Ndugu mfanyakazi, umetoka shimoni na homa. Kichwa kinauma, mwili unatetemeka. Unafika dispensari, mwuguzi anavuta damu mkononi mwako na kuitia katika kichupa. Baada ya muda unaitwa: ni malaria. Unapewa vidonge, unarudi kambini kulala. Wewe umemaliza, lakini kichupa hakijamaliza. Kimebaki juu ya meza ya labo, na zaidi ya nusu ya damu ingali ndani. Sasa kinakwenda wapi?

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, bote na mbao za kuzuia udongo usianguke. Leo tuingie labo kidogo. Damu ile ni yako, na watu wanaoibeba baadaye ni watu wa kwetu: mama anayefagia dispensari, kijana anayechoma takataka. Hao hawakusoma kazi ya labo. Tena mara nyingi hakuna aliyewaambia kitu.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: damu iliyotupwa haijafa. Virusi vya ugonjwa wa ini wa aina ya B vinaweza kukaa siku 7 katika tone la damu lililokauka juu ya meza, na bado vikamwambukiza mtu. Tone lenyewe huenda hata hulioni. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa namna hiyo, hatari ni kubwa: katika watu 100 waliochomwa hivyo, hata 30 wanaweza kuambukizwa. Kwa ini la aina ya C ni kama 2 au 3 katika 100. Kwa ukimwi ni kama 3 katika 1,000. Watu wengi wanaogopa ukimwi peke yake, na ini la B wanalisahau, kumbe ndilo linaloambukiza kwa urahisi zaidi. Na chanjo yake ipo, sindano tatu. Kila mtu anayeshika takataka za labo anastahili kuipata, pamoja na yule wa ufagio.

Mwaka 1967 nyani walipelekwa kutoka Uganda mpaka Ulaya kwa kazi ya kutengeneza chanjo. Katika miji ya Marburg na Frankfurt huko Ujerumani, na Belgrade, wafanyakazi wa labo wakaanza kuugua ugonjwa ambao hakuna daktari aliyekuwa ameuona. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Wengi walikuwa wameshika damu na viungo vya wale nyani. Lakini walikuwamo pia wengine ambao kazi yao ilikuwa kuosha tu vyombo vya glasi vilivyokwisha kutumika. Huo ndio ugonjwa unaoitwa Marburg.

Sisi watu wa migodi ugonjwa huo unatuhusu. Kati ya 1998 na 2000 uliingia Durba, karibu na Watsa, kwa wachimba dhahabu wa shimo la Goroumbwa. Watu 154 waliugua, 128 wakafa. Daktari mkuu wa Watsa naye alikufa, Aprili 1999. Halafu ikaja Ebola ya 2018 mpaka 2020: katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini watu zaidi ya 3,400 waliugua na karibu 2,300 walikufa. Agosti 2019 ilifika mpaka Pinga, katika teritori ya Walikale. Wakati ule wapimaji hawakuigusa damu ovyo. Waliingiza mikono katika sanduku lililofungwa lenye glavu zake, wakaua virusi kwanza kwa dawa, ndipo wakapima. Walikuwa wanajua ni Ebola wanayoitafuta. Shida ni siku ya kawaida: mtu anakuja na homa kutoka Rubaya au Bisie, anapimwa malaria, na hakuna anayejua damu yake imebeba kitu gani. Kwa hiyo damu yote inashikwa namna moja, iwe ya shefu, iwe ya mtoto mchanga.

Je, inauawaje? Dawa inayopatikana kila mahali ni klori. Ukiwa na maji ya javeli yenye nguvu ya 5 katika 100, chukua kikombe kimoja cha javeli na vikombe tisa vya maji safi. Ukiwa na klori ya unga yenye nguvu ya 70, tia gramu 7 katika lita moja. Zote mbili zinakupa nguvu ya 0.5, ambayo ndiyo ya kazi ya damu. Itengenezwe kila siku, kwa maana ya jana imekwisha kupungua nguvu. Ndoo ifunikwe, isikae juani.

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Mtu anatia vichupa vilivyofungwa ndani ya ndoo ya klori, anaviacha mpaka jioni, kisha anasema vimekwisha kuwa safi. Klori imeosha kichupa kwa nje tu. Ndani, damu iko vilevile kama asubuhi. Klori inaua kile inachokigusa, na haipiti kwenye kifuniko. Kosa la pili ni kumwaga damu nyingi katika dawa kidogo. Damu inaila klori: uchafu wake unaimaliza nguvu kabla haijavifikia virusi. Damu iliyoganda ni mbaya zaidi, kwa sababu inakufa juu na katikati inabaki nzima. Dawa iwe nyingi kuliko damu mara kumi, na ikae nusu saa au zaidi.

Njia bora ni joto, kwa sababu joto linapita ukuta wa kichupa. Hii ni kazi ya otoklavu, ile sufuria kubwa ya mvuke yenye kifuniko cha skrubu. Mvuke ufike digri 121, na kwa takataka za damu ukae humo saa nzima, maana ndoo iliyojaa inachelewa kupata joto katikati. Sasa sikiliza, wewe wa Masisi. Mama anayepika maharage katika milima ya Masisi anajua kwamba yanachelewa kuiva kuliko kule Walikale chini msituni. Kwenye mita 1,800 maji yanachemka kwenye digri 94 hivi, si 100. Basi kuchemsha vichupa katika sufuria ya kawaida hakutoshi, na huko mlimani hakutoshi hata kidogo. Tena saa ya presha ya otoklavu inadanganya kidogo: pwani ikionyesha 1 na kitu, digri 121 zimefika, lakini mlimani lazima ipande mpaka karibu 1.25. Mwenye kazi atazame digri, asitazame presha peke yake.

Pasipo otoklavu, labo ndogo haina budi kutumia klori. Basi kichupa kifunguliwe polepole na mtu aliyefundishwa, mwenye glavu na miwani, kizamishwe katika dawa mpaka dawa iingie ndani na kukijaza.

Na hapa wachimbaji, ninyi mnaojua gesi, mtanielewa upesi. Klori isichanganywe na asidi. Katika labo kuna maji ya kuhesabia chembe nyeupe za damu, na ndani yake mna asidi ya siki. Ukiyamwaga katika ndoo ya javeli, gesi inatoka, ileile iliyoua askari Ulaya mwaka 1915. Na kitu kilicholoweshwa klori kisitiwe katika otoklavu, kwa sababu hiyohiyo.

Baada ya hapo ni moto na shimo. Tanuru la kweli linapita digri 800. Moto wa petroli katika shimo la wazi nyuma ya dispensari unaunguza makaratasi ya juu, na mvua ya Walikale ikinyesha usiku, asubuhi vichupa vinang'aa kwenye matope. Glasi haiungui: inahitaji shimo lake lenye kifuniko cha saruji, mbali na chemchemi mita 30 au zaidi, na uzio ambao mbuzi na mtoto hawapiti.

Maana mtoto ndiye anayekuja. Kichupa chenye kifuniko chekundu au cha zambarau ni kizuri machoni pake. Sindano bila ncha ni bunduki ya maji. Mama, ukimkuta navyo, usimpigie kelele akakimbia navyo na kuanguka. Mwambie aviweke chini. Usifungue kichupa, usikioshe ili utilie chumvi au mafuta. Kiokote kwa kijiti au kwa mfuko mzito, tia katika kopo gumu lenye kifuniko, urudishe dispensari, na uwaonyeshe mahali kilipookotwa.

Akiwa amejikata au amechomwa, osha mahali pale kwa maji mengi na sabuni. Usikamue, usinyonye, usimtie javeli kwenye kidonda. Damu ikimrukia jichoni, osha kwa maji safi tu, mengi. Kisha nenda naye hospitali siku ileile, usingoje kuona kama atavimba. Dawa ya kuzuia ukimwi inafaa ikianza kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora. Inamezwa siku 28. Hivyohivyo kwa mfagiaji na kwa kijana wa takataka. Mpe mwuguzi lile kopo, umwambie ni saa ngapi jambo lilitokea.