Mwongozo kwa Waandishi wa Mabango ya Rangi, Kasese na Bwera

Mwongozo huu ni wa mafundi wanaoandika mabango kwa brashi mjini Kasese, Bwera na mpakani Mpondwe, na wa wenye maduka wanaowapa kazi.

Bango la plastiki hutoka kwenye mashine siku hiyohiyo, na bei yake huvutia. Mteja aelezwe mapema kwamba jua hulipausha na upepo hulichana.

Mashine si hatari pekee; ufundi wenyewe waweza kupotea. Huko Hong Kong mabango ya taa za neoni yameshushwa kwa wingi. Jumba la makumbusho la M+ limehifadhi baadhi, lakini ustadi wa kupinda mirija ya kioo motoni hauwekwi ghalani, na mafundi wake wamebaki wachache. Kwa hiyo, kabla ya kuhifadhi mabango, tufundishe.

Mwanafunzi asianze na rangi. Apige mistari kwa uzi wa chaki, achore herufi kwa penseli, ajifunze nafasi. A na V zikifuatana zisogezwe karibu. O ipite mstari kidogo juu na chini, la sivyo itaonekana ndogo kuliko herufi nyingine. Rula haitoshi hapa. Jicho ndilo huamua. Mpakani, mteja mmoja hutaka Kiswahili, mwingine Lhukonzo, mwingine Kifaransa kwa ajili ya wanunuzi kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo. Maneno yaandikwe kwanza kwenye karatasi, mteja ayathibitishe. Na alama za juu ya herufi za Kifaransa si mapambo.

Bati lenye kutu lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, likauke kabisa. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, fundi asikubali kuharakishwa. Brashi ioshwe kwa mafuta ya taa, ipakwe mafuta, ilazwe. Kuisimamisha ndani ya kopo ni kuiharibu.

Rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu, kwani huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru hasa watoto. Iloweshwe, na fundi avae barakoa. Kabla ya kufuta bango, lipigwe picha mchana, na jina la fundi, mwaka na mtaa viandikwe.

Wenye maduka, mruhusuni fundi atie sahihi na mwaka pembeni mwa kazi yake. Ukuta ukikarabatiwa, mwiteni yeye aliyeuandika, na mlipeni pia mwanafunzi anayemshikia ngazi.