Kabla Ardhi Haijatikisika: Ya Kufanya na ya Kutofanya Kisimani

Nawaandikia nyinyi mnaochota sampuli za maji visimani na kwenye chemchemi za moto, mkitaka kujua joto la chini linabadilikaje tetemeko linapokaribia au likishapita. Kazi hii haina njia ya mkato.

Anza kuchota kabla hakujatokea lolote. Maji yaliyochotwa baada ya tetemeko, bila ya zamani ya kulinganisha nayo, hayana ushahidi. Kobe, Japani, ilitikiswa tarehe 17 Januari 1995, watu zaidi ya 6,000 wakafa. Wanakemia Urumu Tsunogai na Hiroshi Wakita walisaidiwa na maji ya kunywa ya dukani: yalichotwa kwenye visima vya eneo lile na kutiwa chupani, na chupa zikaandikwa tarehe. Walikusanya chupa za miezi ya nyuma, wakapima, wakakuta kloridi na salfeti zilianza kupanda tangu Agosti 1994. Bahati kama hiyo usiitegemee. Kila wiki weka chupa moja kabatini, hata mwaka ukipita kimya.

Usipime joto mdomoni mwa kisima ukadhani umejua ya chini. Maji hupoa yakipanda. Kumbukumbu ya joto hubaki kwenye silika, madini ya mchanga: miamba ikiwa moto zaidi, maji huyeyusha silika nyingi zaidi, na yakipoa huiachia polepole. Maji yaliyokaa na kwatsi, yaani silika ya fuwele, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 50 kwa lita. Kwenye nyuzi 200, takriban 265. Kwa hesabu za namna hii watafutaji wa mvuke, hata kule Olkaria, Kenya, hukadiria joto la chini kabla ya kuchimba.

Usishikilie kanuni moja kwa kila maji. Miligramu 50 zilezile, ukitumia kanuni ya kwatsi, zinakupa nyuzi 102. Ukitumia ya kalisedoni, aina nyingine ya silika, 72. Tofauti hiyo ya nyuzi 30 imetoka kwenye kalamu yako, haikutoka ardhini. Linganisha na joto linalokadiriwa kwa uwiano wa sodiamu na potasiamu. Ukiona magnesiamu nyingi, shuku kwamba maji baridi ya juu yameingia.

Usitie sampuli ya silika kwenye chupa ya kioo. Kioo chenyewe ni silika. Tumia plastiki. Chuja palepale kwa chujio la mikromita 0.45. Chupa ya sampuli ya kupimia metali itie asidi ya nitriki. Ya kloridi na salfeti usiitie kitu. Maji ya moto yenye silika nyingi yazimue papo hapo kwa maji safi ya maabara, la sivyo yakipoa silika itagandamana na kipimo kitadanganya. Joto na pH viandikwe ukiwa bado umesimama kisimani.

Usiseme "joto limepanda" kwa sababu tu silika imepanda. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote. Kaskazini mwa Iceland, Alasdair Skelton na wenzake walitangaza mwaka 2014 kwamba silika, sodiamu na kalsiamu zilipanda kisimani miezi kadhaa kabla ya matetemeko mawili yaliyozidi ukubwa wa 5, la 2012 na la 2013. Lakini mwamba ukipasuka, nyuso mpya hukutana na maji na kuyeyuka bila joto kuongezeka hata nyuzi moja. Maji ya matabaka mawili nayo huweza kuchanganyika. Pima isotopu za hidrojeni na oksijeni, uangalie mvua ya msimu, uulize kama pampu ya jirani imeongezwa nguvu. Ukishaondoa hayo yote, ndipo utaje joto.

Usitangaze tetemeko. Haicheng, China, Februari 1975, watu walihamishwa kabla ya pigo. Mabadiliko ya visima yalikuwa miongoni mwa dalili, pamoja na mitetemo midogo mingi iliyotangulia. Tarehe 28 Julai 1976, Tangshan ilipigwa bila onyo, wakafa zaidi ya 240,000. Nchi ileile, bidii ileile. Takwimu zako zipeleke kwa mamlaka husika zikiwa kamili, pamoja na za wiki ambazo maji hayakubadilika.

Usiache pengo. Ukienda likizo, mkabidhi mwenzako ufunguo wa kisima, daftari na siku ya kuchota.