Somo la 14: Kutawala Kimo cha Maji katika Tangi

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, Old Moshi ikiwa mojawapo, wazee walichimba mifongo muda mrefu kabla ya utawala wa kikoloni. Mfongo ni mfereji uchukuao maji ya mto na kuyapeleka mashambani kwa kufuata ubavu wa kilima. Mahali pengine mfongo huingia katika nduwa, yaani bwawa dogo la kuhifadhia maji. Usiku, watu wakiwa wamelala, nduwa hujaa. Asubuhi mlango wake hufunguliwa, na migomba hupata maji mengi kwa wakati mmoja.

Je, ni nani huzuia nduwa isifurike? Ni mtu. Jicho lake hupima kimo cha maji, na mkono wake hufungua au huziba. Akichelewa, maji hupita juu ya ukingo wa udongo na kuumomonyoa.

Tangi la shule au la zahanati nalo lahitaji mlinzi. Pale ambapo maji hushuka yenyewe kwa bomba kutoka mlimani, koki yenye boya yatosha. Boya huinuka pamoja na maji na kusukuma wenzo, nao wenzo hufunga koki. Chombo hiki hakihitaji umeme, na ni vema kukitumia kila mahali kinapofaa.

Lakini maji ya kisima kirefu, kama vile kwenye tambarare chini ya mji wa Moshi, lazima yapandishwe kwa pampu. Hapo kufunga koki hakutoshi, kwa sababu mota ingeendelea kusukuma maji yasiyo na njia. Lazima mota yenyewe isimamishwe.

Kazi hiyo hufanywa na relei. Relei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Mkondo mdogo wa umeme hupita katika koili iliyozungushiwa chuma. Chuma huwa sumaku na kuvuta ulimi wa chuma. Ulimi huunganisha njia nyingine, ambayo hupitisha mkondo mkubwa wa mota. Hivyo swichi ndogo ya boya, isiyoweza kustahimili umeme wa mota, huiamuru mota hiyo.

Tungetumia boya moja tu, pampu ingewaka na kuzimika kila ndoo moja inapotekwa, na mota ingeharibika upesi. Kwa hiyo twatumia maboya mawili, la juu na la chini. Kila moja hufunga swichi yake maji yakiwa chini yake, na huifungua maji yakilifikia.

Sasa fuata kwa makini. Mkondo wa koili hupita kwanza swichi ya juu, kisha swichi ya chini. Maji yakipungua mno, swichi zote mbili zimefungwa. Relei huvuta, pampu huanza. Maji yakipanda, swichi ya chini hufunguka. Mbona pampu haisimami? Kwa sababu relei ina ulimi wa pili, uliounganishwa kando ya swichi ya chini, ambao huupa mkondo njia nyingine. Relei hujishikilia yenyewe! Maji yafikapo boya la juu, swichi ya juu hukata mkondo, ndimi zote mbili huachia, na pampu husimama. Haitaanza tena mpaka maji yashuke chini ya boya la chini.

Jaribio
Zungushia msumari wa chuma waya uliofunikwa, mizunguko 50. Gusanisha ncha za waya na betri moja ya tochi, kisha usogeze msumari karibu na pini. Ondoa waya. Pini zimefanya nini? Usiache waya ukigusa betri kwa muda mrefu, maana hupata moto. Kamwe usitumie umeme wa nyumbani.

Maswali
1. Katika nduwa, ni kitu gani hufanya kazi ya boya?
2. Ulimi wa pili wa relei ukikatika, pampu itafanyaje maji yanapofikia boya la chini?
3. Swichi ya boya la juu ikikwama ikiwa imefungwa, tangi litapatwa na nini?