Kompyuta Kuukuu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kupiga Windows Upya



Ndugu msomaji, wengi wetu hapa Mbale, na wenzetu walioko Jinja, tunaandikia tasnifu zetu kwenye kompyuta zilizotumiwa na watu wengine kabla yetu. Nyingine zina miaka kumi na zaidi. Mashine kama hiyo ikigoma wiki mbili kabla ya siku ya kukabidhi kazi, dawa inayotajwa haraka ni moja: "Tupige Windows upya." Wakati mwingine ndiyo dawa yenyewe. Mara nyingi, hata hivyo, haigusi ugonjwa, na ikifanywa bila hadhari inafuta kazi ya mwaka mzima. Somo hili linaeleza utaratibu wa kufuata kabla ya kufika huko.

Wanaosoma fikihi wanazijua kanuni mbili zinazofaa hata mezani kwa fundi. Ya kwanza, kuondoa madhara kunatangulizwa mbele ya kutafuta manufaa: basi okoa faili kwanza, tengeneza baadaye. Ya pili, jambo la yakini haliondolewi na shaka: basi usibadilishe kitu kwa kukisia. Jaribu jambo moja, tazama matokeo, ndipo uende kwa jingine. Ukibadilisha matatu kwa mpigo na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya.

1. Okoa faili

Kama kompyuta bado inawaka, nakili tasnifu kwenye flashi, kisha jitumie nakala nyingine kwa barua pepe. Flashi inayokaa mfuko mmoja na kompyuta si mahali pa pili, kwa sababu mwizi atachukua vyote. Kama Windows haifunguki, usikate tamaa. Diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine kwa waya maalumu wa USB. Lakini diski ikitoa mlio wa tak-tak, zima mara moja. Usiendeshe programu yoyote ya kuirekebisha; kila dakika inayozunguka inaweza kuzidisha uharibifu.

2. Haiwaki

Anzia ukutani: soketi, waya, chaja. Jaribu soketi kwa kifaa kingine, na ukiweza, jaribu chaja nyingine ya aina ile ile. Halafu chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisha chaja peke yake na uwashe.

Ikiwaka taa au feni lakini skrini ikabaki nyeusi, mulika skrini kwa tochi. Ukiona picha hafifu, tatizo ni mwanga wa skrini, na faili zako huenda ni salama. Ikipiga milio ya bip bila picha, mara nyingi kipande cha RAM kimelegea au kina uchafu. Mtikisiko wa safari ya Jinja hadi Mbale kupitia Iganga na Tirinyi unatosha kukilegeza. Kitoe mashine ikiwa haina umeme, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli, kirudishe hadi kikae imara. Na unaposafiri, izime kabisa. Diski inayozunguka haipendi kurushwarushwa.

3. Inajizima yenyewe

Tazama inazima lini. Ikizima baada ya muda wa kazi na kukataa kuwaka mpaka ipoe, ni joto. Vumbi limeziba njia ya hewa. Izime, ipulizie huku umezuia feni isizunguke, na usiitumie juu ya godoro.

Ikizima pale tu umeme unapokatika, betri imekufa. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, linazalisha umeme Jinja tangu 1954, lakini ujirani na bwawa haujamkinga mtu na giza. Kuzimika ghafla wakati wa kuandika ndiko kunakoharibu faili. Betri inayodumu dakika kumi tu inakupa nafasi ya kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Kama huna, zoeza vidole vyako kubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya.

4. Ni nzito

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka jedwali la programu zinazofanya kazi. Kama kumbukumbu imejaa, funga kurasa za intaneti usizozihitaji, au ongeza RAM. Katika Windows 10, kama diski inasoma asilimia 100 muda wote, huenda kuna sasisho linaloendelea, liache limalize. Isipopungua, huenda ni diski ya zamani inayozunguka, imechoka. Kuibadilisha kwa SSD kunaifufua mashine kuliko kupiga Windows upya mara tatu. Kama nafasi imekwisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cleanmgr, ufute takataka.

5. Tarehe inarudi nyuma

Tovuti zinakataa kufunguka, zikisema muunganisho si salama? Tazama saa ya kompyuta. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayodhani tuko 2009 inaviona batili. Rekebisha tarehe. Ikirudi nyuma kila unapozima, badilisha betri ndogo ya mviringo iliyo ndani. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032.

6. Folda za flashi zimegeuka njia za mkato

Usizibofye, kwa sababu kuzibofya ndiko kunakoamsha virusi. Kwa kawaida faili zako zipo, zimefichwa tu. Kagua kwanza kompyuta yenyewe kwa programu ya kukinga virusi, kisha ukague flashi. Halafu bonyeza Windows na R, andika cmd, na kama flashi yako ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zikijitokeza, futa zile njia za mkato.

7. Lini tupige Windows upya?

Pale faili zimeokolewa, diski na RAM ni nzima, virusi vimetafutwa, na bado mfumo unaharibika. Andika winver ujue toleo ulilo nalo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, na mashine nyingi za zamani hazina. Kwa hizo, Linux Mint ni ya bure na halali, nayo ni bora kuliko nakala ya wizi inayoweza kuja na virusi vyake.

Mwisho, kompyuta ya mwenzako ni amana. Ukiombwa kuitengeneza, gusa kilichoharibika tu. Picha na ujumbe wa watu si sehemu ya ufundi, na Suratul Hujuraat, aya ya 12, imetukataza upelelezi. Nawe mwenye mashine, ukiipeleka dukani, keti hapo ukiweza, na mwulize fundi maswali mawili kabla hajabonyeza chochote: chanzo ni nini, na faili zangu zitakuwa wapi? Asipokuwa na jibu la la pili, beba mashine yako urudi nayo.

Wabillahi tawfiq.