Somo la Wazazi: Sala Huanzia Nyumbani

Someni Kumbukumbu la Torati 6:4–9.

Kule Mbale, Uganda, wako Wayahudi Waafrika, Abayudaya, walioanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Ijumaa jioni huwasha mishumaa ya Sabato, na wazazi huwabariki watoto. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wengi waliiacha. Waliobaki waliwafundisha watoto nyumbani, kwa siri. Kwa hiyo imani yao ipo hata leo.

Ndugu zangu wa Geita, kanisa letu li wazi. Je, watoto wetu hutusikia tukiomba nyumbani, au tumemwachia mwalimu wa shule ya Jumapili?

Maswali:
1. Nani alikufundisha sala ya kwanza?
2. Leo jioni utamfundisha mwanao nini?