Namba mbili za diski: usikurupuke kufuta picha za bidhaa

Wadau, hii ni kwa wale tunaoweka picha na video za bidhaa kwenye kompyuta moja ya dukani, halafu tunaangalia nafasi iliyobaki kupitia mtandao kwa SNMP.

Jirani yangu anauza viatu, diski yake ni ya TB 8. Juzi programu ikamwonyesha zimebaki kilobaiti 50,000,000, kama GB 50 hivi. Fundi akamwambia imejaa, alete hela ya nyingine. Dada wa watu akataka kuanza kufuta video za mzigo wa zamani. Nikamwambia ngoja kwanza, namba ya pili iko wapi?

Kompyuta ya Linux yenye Net-SNMP inatoa nafasi iliyobaki kwa vipande viwili: dskAvailHigh na dskAvailLow. Kila kipande ni cha biti 32, kwa hiyo Low haivuki 4,294,967,295. Ikifika hapo inarudi sifuri, High inapanda moja. Ni kama kuhesabu stoo kwa katoni na pisi. Ukihesabu pisi zilizo nje tu, utasema mzigo umeisha wakati katoni zipo.

Hesabu yake: High mara 4,294,967,296, jumlisha Low. Kwa jirani High ilikuwa 1, kwa hiyo:

4,294,967,296 + 50,000,000 = 4,344,967,296

Hizo kilobaiti ni zaidi ya TB 4. Yaani zaidi ya nusu ya diski iko wazi! Hela ikabaki kwenye mtaji.

Mwenye diski ya TB 1 au 2 High yake ni 0 siku zote, ndiyo maana wengi hawajawahi kukutana na hili.

Kuna programu zinaonyesha Low ikiwa hasi, mfano -777,434,592. Nafasi haiwi hasi jamani. Ongeza 4,294,967,296, unapata 3,517,532,704, kisha endelea na hesabu ya juu. Ile dskAvail ya peke yake achana nayo kwa diski kubwa, inagota 2,147,483,647.

Halafu soma High na Low kwa ombi moja. Ukisoma moja sasa na nyingine baadaye, nafasi ikivuka mpaka hapo katikati unaweza kupata TB 4 za hewa. Na tahadhari ya diski kujaa iweke kwenye jumla, sio kwenye Low.