Tujifunze Kufuma Kofia kwa Kroshia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.



Somo letu la kazi za mikono safari hii ni kufuma kofia kwa kroshia. Tusichanganye kofia hii na kofia ya viua. Kofia ya viua hushonwa kwa sindano juu ya kitambaa, na vile vitundu vyake huzungushiwa uzi kimoja baada ya kimoja. Kofia ya kroshia haina kitambaa. Yote ni uzi mtupu, kitanzi kimoja kikivutwa ndani ya kingine. Kwa hiyo kitanzi kikikosewa hakuna kitambaa cha kukificha.

Nitaanza na kisa changu. Nilipokuwa na umri wa wasichana wetu wa darasa la tano, niliombwa kufuma kofia sita za watoto wa jirani waliokuwa wakikaribia kuhitimu msahafu. Nilifuma mbio mbio, nikizungumza na wenzangu, na sikuhesabu. Kofia zilipolala juu ya meza zilipendeza. Tulipozijaribu kichwani, mbili zilichongoka kama bakuli, na moja ilijikunja-kunja kama ukingo wa jani la mgomba lililopigwa na upepo. Mama yangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulihesabu?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi fumua. Uzi huu wamenunua wenyewe, ni amana." Nikafumua kofia tatu nikiwa nalia. Uzi uliokwisha fumwa hubaki umejikunja, basi niliulowesha, nikauanika ukiwa umenyooshwa, kisha nikaanza upya. Tangu siku hiyo sijafuma bila ya kuhesabu, na hilo ndilo ninalotaka mlishike katika somo hili.

1. VIFAA

Tafuta kroshia, yaani ile sindano fupi yenye ndoana nchani. Unene wake huandikwa kwa milimita. Kwa uzi mwembamba wa pamba, kroshia ya milimita 2 hadi 3 inafaa. Anayeanza achukue uzi wa rangi ya kung'aa, kwani uzi mweusi huficha makosa. Weka karibu mkasi, futi ya kupimia, na kipande cha uzi wa rangi nyingine cha kuwekea alama.

2. KUSHIKA

Shika kroshia kwa mkono wa kulia kama unavyoshika kalamu au kisu, vyovyote utakavyoona raha. Uzi unaotoka kwenye donge upite juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na vidole vya mwisho viubane kidogo ili usiteleze ovyo. Anayetumia mkono wa kushoto abadilishe pande tu, mengine yote ni yale yale.

Kosa la kwanza la wanafunzi wengi ni kukaza. Kitanzi kiwe na ukubwa wa mwili wa kroshia, si wa shingo yake nyembamba iliyo karibu na ndoana. Kitanzi kikibana shingoni, safu ya pili haitapenya, na vidole vitauma bure.

3. MNYORORO

Fanya kitanzi cha kuanzia ambacho hukaza unapovuta ncha ya uzi, ukiingize kwenye kroshia. Zungusha uzi juu ya kroshia, uuvute upite ndani ya kitanzi. Hiyo ni pete moja ya mnyororo. Rudia mpaka pete 20 zilingane kwa ukubwa. Kile kitanzi kilichopo juu ya kroshia hakihesabiwi kamwe. Usitoke hapa kwenda mbele mpaka mnyororo wako uwe sawasawa.

4. NGUZO FUPI NA NGUZO NDEFU

Darasani kwetu tunaziita hivi.

Nguzo fupi: ingiza kroshia, zungusha uzi, vuta. Sasa una vitanzi viwili. Zungusha uzi tena, vuta upite katika vyote viwili. Kinabaki kimoja.

Nguzo ndefu: zungusha uzi kwanza, ndipo uingize kroshia. Zungusha, vuta. Sasa una vitanzi vitatu. Zungusha, vuta upite katika viwili. Vinabaki viwili. Zungusha, vuta upite katika viwili hivyo. Kinabaki kimoja.

Ukitazama kichwa cha kila nguzo, utaona nyuzi mbili zilizolala kama herufi V. Kroshia ipite chini ya nyuzi zote mbili. Ukichukua uzi mmoja tu, kazi italegea na kufanya mistari usiyoikusudia.

Tahadhari kwa wanaosoma vitabu vya kigeni: Waingereza na Wamarekani hutumia jina moja kwa nguzo mbili tofauti. Nguzo ambayo Mwingereza anaiita "double crochet" ndiyo nguzo yetu fupi, lakini Mmarekani akitaja jina hilo hilo anakusudia nguzo ndefu. Kabla hujaanza, jua kitabu kimetoka wapi.

5. KWA NINI KITAMBAA HUPUNGUA UPANA

Mwanafunzi huanza na nguzo 20, na baada ya safu kumi anabaki na 14. Nguzo hazikuibwa, zimerukwa kwenye ncha. Kanuni ni hii: unapogeuza kazi, panda kwa pete 1 ikiwa ni nguzo fupi, au pete 3 ikiwa ni nguzo ndefu. Pete 1 ya nguzo fupi haihesabiwi, basi anza kwenye nguzo ya kwanza kabisa. Pete 3 za nguzo ndefu huhesabiwa kuwa nguzo moja, basi ruka nguzo ya kwanza, na mwisho wa safu usisahau kufuma juu ya zile pete 3 za safu iliyopita.

Kwa hiyo ukitaka nguzo fupi 20, anza na mnyororo wa pete 21, uingize kwenye pete ya pili kutoka kwenye kroshia. Ukitaka nguzo ndefu 20, anza na pete 22, uingize kwenye pete ya nne.

6. KOFIA YENYEWE

Fuma pete 4 za mnyororo. Ingiza kroshia kwenye pete ya kwanza, zungusha uzi, vuta upite katika vyote. Umefunga duara. Panda pete 1, kisha fuma nguzo fupi 6 ndani ya duara hilo, ufunge. Kila mzunguko unaofuata uanze na ufungwe hivyo hivyo, na alama iwekwe kwenye nguzo yake ya kwanza.

Mzunguko wa 2: nguzo mbili katika kila nguzo, jumla 12.
Mzunguko wa 3: moja, kisha mbili, jumla 18.
Mzunguko wa 4: moja, moja, kisha mbili, jumla 24.

Endelea hivyo, ukiongeza 6 kila mara. Kwa nini 6? Mlisoma katika hesabu kwamba mzingo wa duara ni kipenyo mara 22/7. Nguzo fupi urefu wake unakaribiana na upana wake. Kila mzunguko unaongeza kipenyo kwa nguzo mbili, moja kila upande, basi mzingo unaongezeka kwa kama nguzo 6. Nguzo ndefu ina urefu wa karibu mara mbili, kwa hiyo huanza na 12 na kuongeza 12.

Ukiongeza chini ya hapo, kazi inakunjika kama bakuli. Ukizidisha, inafanya mawimbi. Sasa mnajua zile kofia zangu zilikosa nini.

Upana wa sehemu ya juu hutokana na kichwa. Kichwa chenye mzingo wa sm 55: 55 mara 7, gawa kwa 22, ni sm 17.5. Kazi ya kroshia hutanuka kidogo, basi simama kwenye sm 17. Kuanzia hapo usiongeze tena. Fuma nguzo moja katika kila nguzo, na ubavu utashuka wenyewe. Ukifika kama sm 8, jaribu kichwani, kata uzi, ufiche ncha yake kwa sindano.

7. NASAHA

Katika Surat Sabaa, aya ya 10 na 11, tunaelezwa kuwa Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, akamuamrisha atengeneze deraya na apime vyema katika kuunganisha pete zake. Yeye ni nabii na mfalme, na bado aliambiwa apime. Sisi wenye kuunganisha pete za uzi tusione haya kuhesabu, na tukikosea tusione haya kufumua. Anayevaa kofia huenda asilione kosa, lakini wewe uliyefuma unalijua.

MAZOEZI

1. Ukianza na nguzo fupi 6, mzunguko wa 7 utakuwa na nguzo ngapi?
2. Unataka safu ya nguzo ndefu 15. Utaanza na pete ngapi?
3. Kichwa cha mdogo wako anayetambaa kina mzingo wa sm 44. Sehemu ya juu ya kofia yake isizidi upana gani?

Leteni majibu darasani pamoja na kipande cha nguzo fupi 20 kwa safu 10, chenye nguzo 20 mwanzo hadi mwisho. Nitazihesabu.

Wabillahi tawfiq.